Nilimchoma kwa Mundu

Nilimchoma Zawadi kwa mundu. Natanguliza hilo kwa sababu nimesikia shuhuda nyingi ambazo msemaji huanza na sifa zake, na akifika kwenye kosa anakuwa keshachoka, analipita mbio. Mimi niliutia mundu kwenye makaa ya seredani mpaka ncha ikawa nyekundu, kijana wa kukamua akamkamata pembe, nikaubandika chini ya sikio pale palipovimba. Mara tatu kushoto, mara tatu kulia. Zawadi hakuruka. Hakuwa hata na nguvu ya kuruka, na mimi nikaona ule ni utulivu, dawa imeanza kumwingia.

Baba alifanya hivyo shamba, na babu kabla yake. Ng'ombe akivimba tezi na kukataa majani, unachoma. Tezi ikipasuka, ugonjwa umetoka. Wako waliopona, na hao ndio waliokuwa wakitajwa. Waliokufa walihesabiwa kuwa siku yao imefika. Zawadi alikufa siku ya nne, alfajiri, povu jeupe limemjaa puani, na tumboni ana ndama wa miezi saba. Ilikuwa masika ya mwaka 2015.

Nakaa Jang'ombe, Unguja. Uani kwangu pana banda la bati linaloenea ng'ombe mmoja na ndama wake, na maziwa yake ndiyo yaliyosomesha wanangu. Watu hunitania kwamba jina la mtaa lina ng'ombe ndani yake tangu zamani, mimi nimemletea pa kulala tu. Mtaa huu una timu mbili za mpira, Taifa ya Jang'ombe na Jang'ombe Boys, na ndugu wa baba mmoja mama mmoja huweza kununiana wiki nzima kwa ajili yao. Mimi mpira haujanigombanisha na mtu. Nilinuniana na jirani yangu kwa sababu ya ng'ombe, na haikuwa wiki. Ilikuwa miaka minne.

Kiasi cha wiki tatu kabla Zawadi hajaugua, jirani aliingia kuchukua maziwa yake ya jioni, akamtazama, akasema, "Ng'ombe huyu kanona kama biharusi." Hakusema mashaallah. Nilimsikia kwa masikio yangu. Sasa fikirini: Zawadi alikuwa chotara wa maziwa, tangu nimnunue akiwa mtamba hajavuka kizingiti cha ua. Hajachungwa, hajalala zizi moja na ng'ombe mwingine, hajanywa maji ya dimbwi. Na ugonjwa wa ng'ombe wa Unguja nilidhani naujua. Ni wa mbung'o, wanaowaita ndorobo huko bara, na mbung'o walikwisha. Nilikuwa mtu mzima ndege zilipokuwa zikimwaga mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi, waliozalishwa Tanga kwa mamilioni, tangu mwaka 1994. Wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996. Baba alisikitika tu kwamba walichelewa, ng'ombe wake walishakufa. Basi kama mbung'o hayupo, na ng'ombe hatoki, limebaki nini? Limebaki jicho. Hesabu yangu haikuwa na tundu hata moja.

Niliacha kumuuzia maziwa. Nikimwona kwa mbele nilivuka njia. Mama yake alipofariki nilikwenda msibani kwa kuogopa maneno ya watu, nikakaa mwisho wa jamvi, nikaondoka kabla kahawa haijapita. Nimemchoma ng'ombe moto, lakini hili la jamvi ndilo linaloniamsha usiku.

Mwaka 2019 nilikuwa na ng'ombe mwingine, Karafuu, mwekundu wa kukoza. Ilikuwa masika tena, jioni moja, akakataa pumba. Nilipitisha mkono chini ya sikio la kulia nikakuta tezi imetuna kama limau. Sikulia wala sikusema kitu. Niliwasha seredani.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa amefikia kwangu siku zile. Amesomea mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kwa muda mrefu nilimchukulia kama tunavyowachukulia watoto wote waliorudi na cheti: unamsikiliza kwa adabu, kisha unafanya lako. Alitoka uani akaona moto.

"Shangazi, huo mundu wa nini?"

"Wa majani."

"Majani huyakati usiku."

Akauchukua mundu akauweka juu ya paa la banda, pale nisipofika. Akampima Karafuu joto: nyuzi 41, na ng'ombe mzima hukaa kwenye 38 na nusu hivi. Akachoma sindano tupu kwenye tezi, akavuta tone dogo la maji yenye wekundu, akalipaka kwenye vipande viwili vya kioo na kuvipepea vikauke. Tulitazamia usaha, mimi na kijana wa kukamua. Hakukuwa na usaha. Hilo lilinishitua mwanzo kuliko yote, kwa sababu miaka yote niliamini ninachoma ili kutoa uchafu.

"Si usaha, shangazi. Tezi imejaa seli zake mwenyewe."

Asubuhi alivipeleka vioo maabara ya mifugo kule Maruhubi, na mimi nikafuatana naye, kwa ubishi zaidi kuliko kwa hamu ya kujua. Walivitia rangi ya Giemsa, wakaniita nitazame. Ilinichukua muda kuliona lolote zaidi ya kope zangu. Kisha yakatulia: madoa makubwa ya zambarau, mviringo, yamebanana. Zile ni seli nyeupe za damu, aina ya limfosaiti, na lile pande zito ndani ya kila moja ni kiini. Pembeni ya kiini, ndani kabisa ya seli, palikuwa na doa la buluu lililonyunyiziwa nukta nyekundu kama ufuta juu ya mkate.

"Nukta hizo ndizo vijidudu?"

"Hapana. Doa zima ni kijidudu kimoja. Nukta ni viini vyake, anavyo vingi."

"Na yuko ndani?"

"Yuko ndani."

Madoa hayo huitwa kwa jina la Robert Koch, yule Mjerumani wa kifua kikuu. Mwishoni mwa karne ya 19 alipima damu ya ng'ombe Dar es Salaam, akawaona vijidudu hawa, akawadhania wa ugonjwa mwingine unaojulikana Marekani. Basi nilifarijika kidogo: hata yeye alikosea mara ya kwanza, na alikuwa na darubini. Jina walilopewa baadaye ni Theileria, kwa heshima ya Arnold Theiler, daktari wa mifugo Mswisi aliyefanya kazi Afrika Kusini. Ugonjwa wenyewe ni ndigana kali. Nilikuwa nimelisikia neno hilo redioni mara nyingi nikidhani ni matamshi mengine tu ya nagana, ule wa mbung'o. Majina yamefanana, lakini yule wa mbung'o huogelea kwenye damu, nje ya seli. Huyu huingia chumbani.

Jioni ile tulikaa barazani, mimi nasuka ukili, yeye anaeleza. Nitasimulia kama nilivyoelewa.

Seli si tone la maji. Ni nyumba yenye vyumba na kazi: kiini kinachotunza maagizo, mitokondria zinazotoa nguvu, vifuko vya laisosomu vyenye tindikali ya kumeng'enya kila takataka, na nyuzi nyembamba mno, mikrotubuli, ambazo vitu husafirishwa juu yake. Kijidudu kinachoingia kinapaswa kuamua namna ya kuishi na vyombo hivyo vyote. Yule wa malaria, akiingia kwenye seli ya ini, hukaa ndani ya mfuko uliotokana na ngozi ya seli yenyewe, na vurugu zake na mwenyeji hupita kwenye utando wa mfuko huo. Toksoplasma, yule wa paka (na paka wa Mji Mkongwe mnawajua), naye hukaa mfukoni, ila huzivuta mitokondria za mwenyeji zikaja kuuzunguka mfuko kama watu wanaoota moto.

Theileria hataki mfuko. Huingia amefunikwa na utando wa seli, na robo saa haipiti keshauyeyusha, yuko wazi katikati ya nyumba. Nilisema huo ni ujinga, si ataliwa? Kumbe kinyume. Laisosomu hufanya kazi kwa kuungana na mfuko na kumwaga tindikali ndani. Asiye na mfuko hana pa kumwagiwa. Badala yake hujivika nyuzi za seli. Nyuzi zile zile za mwenyeji zinamzunguka pande zote.

Mtoto wa kaka yangu alininyang'anya ukili, akachukua kokwa la embe akalipitisha katikati ya miyaa. "Sasa suka," akaniambia. Nikasuka, na kokwa likaenda na mkeka.

Kwa maana hii: sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu ndiye anayempa mwenye nyumba jembe. Limfosaiti ya kawaida hutulia, hugawanyika inapoitwa. Iliyoingiliwa hugawanyika mfululizo, bila kuitwa, kama saratani. Na kila seli inapogawanyika hutandaza zile nyuzi ili kuvuta nusu ya maagizo huku na nusu kule. Kijidudu hujilaza juu ya nyuzi hizo, kukingama, mahali pale pale seli itakapokatika. Seli inapokatika naye anakatika, kila mtoto anarithi kipande chake, na kipande kinakuwa kizima. Hana haja ya kutoka nje kutafuta seli nyingine na kuonekana na kinga ya mwili. Anazaliwa nazo.

Nikamuuliza, je, seli haijui kwamba ina ugonjwa? Maana alishanieleza kuwa seli iliyoharibika ina amri ya kujiua. Akasema amri ipo, lakini kuna mkusanyiko wa protini unaowasha ishara ya "ishi", ambao kwa kawaida huwaka kidogo ukazima. Mwaka 2002 watafiti wa Bern, Uswisi, walionyesha kwamba Theileria huzikusanya protini hizo juu ya mwili wake mwenyewe na kuzifanya ziwake muda wote. Kama mtu aliyekaa juu ya swichi ya taa.

Niliuweka ukili chini hapo. Nilikuwa nawaza mundu wangu. Uvimbe ule wa chini ya sikio ulikuwa Zawadi mwenyewe, seli zake za kumlinda, zikiongezeka kwa amri ya mtu mwingine. Na nilipokuwa naziunguza zile za juu, nyingine zilishateremka zamani, zimeingia kwenye mapafu, mapafu yakajaa maji. Povu la alfajiri ile lilitoka huko. Niliipiga moto tezi kwa sababu ndiyo niliyoiona.

Karafuu alidungwa dawa ya bupavakwoni siku ile ile majibu yalipotoka, na tena baada ya saa 48. Dawa hiyo haimgusi ng'ombe; inaziba mtambo wa nguvu ndani ya mitokondria ya kijidudu. Na hapa pana jambo ambalo bado linanishangaza kila nikilikumbuka. Kijidudu akifa, seli huacha kugawanyika. Ule wazimu wote wa kama saratani unakoma, kwa sababu haukuwa wake. Joto lilishuka siku ya tatu. Maziwa yalianguka mpaka lita mbili, yakachukua wiki kadhaa kupanda. Mtoto wa kaka yangu hakunidanganya: tungechelewa mpaka kwenye povu, dawa isingefaa kitu.

Nikamwambia kwamba Zawadi hakukosa dawa, nilimdunga OTC, ile antibiotiki, chupa nzima. Akatikisa kichwa. OTC humpunguza kasi kijidudu pale tu anapoingia, siku ya kwanza. Akishajenga ndani ya seli, haimtishi. Lakini kwa udhaifu huo huo ndiyo chanjo ikatengenezwa, huko Muguga, Kenya, miaka ya 1970: ng'ombe anadungwa vijidudu hai na papo hapo OTC ya kudumu mwilini, anaugua kidogo sana, anabaki na kinga kwa maisha. Wafugaji wa Kaskazini ya Tanzania wameitumia sana. Kwa mfugaji wa ng'ombe mmoja kama mimi pana kizingiti: chanjo huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, na kijiti kimoja kikiyeyushwa kinatosha ng'ombe 40 hivi na lazima kiishe siku hiyo. Kwa hiyo nina daftari la majina ya wenye ng'ombe wa kuchanja pamoja, kuanzia mtaani kwetu mpaka Mwera. Nimefika 11.

Lilibaki swali la mlango. Ng'ombe hatoki, ugonjwa uliingiaje?

"Majani yanatoka wapi?" akaniuliza.

Nilimjibu bila kufikiri. Yanaletwa na gari la ng'ombe kutoka shamba, kila siku mbili, na mimi ninayachagua mwenyewe, yale mabichi kabisa, yaliyokatwa na umande wake. Ng'ombe wa gari husimama mlangoni kwangu akipumua wakati mizigo inashushwa. Nilikuwa hata nikimpa maji.

Akatandika shuka nyeupe uani, akaufungua mzigo mmoja, akaukung'uta. Tuliwaona watatu, wadogo, wa kahawia, wanatembea juu ya shuka kwa utulivu kama watu wenye nauli. Kupe hawa hupenda sikio. Wakubwa hujishika ndani ya ukingo wake, ndiyo maana tezi ya kwanza kuvimba ni ile ya chini ya sikio. Kupe anapata kijidudu akiwa mchanga, kwa kunyonya ng'ombe mmoja. Anadondoka, anajivua gamba majanini, kisha anampa mwingine. Akaniambia jambo moja zaidi ambalo afadhali angeniambia polepole. Kupe anapojishika, mate yake bado hayajaiva. Vijidudu huchukua siku tatu au nne kukomaa ndani ya tezi zake za mate ndipo waanze kumiminika.

Siku tatu, nne. Kila jioni kwa muda ule wote nilikuwa nimesimama kando ya Zawadi akikamuliwa maziwa, nikipiga soga, nikimtazama jirani yangu mdomoni kama atasema mashaallah. Ningeweza kumng'oa kwa kidole.

Haikuwa rahisi kwenda kwa jirani. Nilikaa na habari hii siku tisa. Siku ya kumi nilijaza chupa lita moja, nikajitanda kanga, nikabisha hodi nyumba ya pili kutoka kwangu. Alifungua mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea. Nikamwambia tu kwamba ng'ombe aliuawa na kupe wa majani niliyonunua mimi, na kwamba namwomba radhi ya ng'ombe na ya msiba wa mama.

Akaipokea chupa akainyanyua kwenye mwanga.

"Miaka minne," akasema, "nakunywa chai ya maziwa ya unga kwa sababu ya kupe."

Hakunikaribisha ndani siku ile. Alikuja yeye, Ijumaa iliyofuata, na kabla hajamgeukia Karafuu alisimama katikati ya ua akasema mashaallah mara tatu kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa Matarumbeta. Kijana wa kukamua alicheka mpaka ndoo ikayumba.

Siku hizi majani nayaanika juani, juu ya bati, kabla hayajaingia bandani, na yule ng'ombe wa gari namtilia maji ng'ambo ya njia. Dawa ya kuogesha napuliza kila wiki, masikioni napaka kwa mkono. Na kila jioni baada ya kukamua nageuza masikio ya Karafuu na ya mtamba wake, moja moja, mpaka ndani. Macho yangu yameanza ukungu, kwa hiyo jirani ndiye anayetazama. Mimi nashika tochi. Anaona kupe ambao mimi nisingewaona mpaka wanone.

"Huyu hapa," husema, akimbana kwa kucha. "Mashaallah."

"Na kupe pia?"

"Mimi kwako sibahatishi tena," hunijibu, na kumtumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa.